Mwalimu na Ushanga Uliopasuka

Katika ziara zetu za kuwatazama wanachuo wakati wa mazoezi ya kufundisha, tumeona jambo moja linalotusikitisha. Siku ya wazazi inapokaribia, mwalimu wa kazi za mikono hukesha akitengeneza mwenyewe vitu vitakavyobandikwa majina ya watoto. Katika shule moja tulimwuliza mtoto wa darasa la nne namna alivyoutengeneza mkufu uliokuwa na jina lake. Alitutazama, akamtazama mwalimu wake, kisha akainamisha kichwa. Wazazi walipiga makofi. Sisi tuliondoka tukijiuliza: mtoto yule amefundishwa nini siku ile, kazi au uongo?

Maoni yetu ni haya. Kazi ya mikono ifundishwe na mwalimu aliyekwisha kuijaribu yeye mwenyewe, ikamshinda, akairudia. Na mtoto apewe alama kwa kujua sababu za kazi yake, wala si kwa uzuri wa pambo peke yake. Likizo ndefu ndiyo nafasi ya mwalimu kujifunza hayo nyumbani kwake, bila mkaguzi wala kengele. Tutatoa mfano wa ushanga wa chupa, kwa kuwa kioo ni kitu kisichomstahi asiyejua.

Huko Ghana, Wakrobo wa sehemu za Odumase wamejulikana kwa muda mrefu kwa ushanga wautengenezao katika nyua zao kwa unga wa kioo. Chupa tupu huvunjwa, zikatwangwa, na unga wake ukachekechwa. Unga humiminwa katika vitundu vya kalibu ya udongo wa mfinyanzi iliyopakwa udongo mweupe ili kioo kisigande. Katikati ya kila kitundu husimamishwa kikonyo cha jani la muhogo. Kalibu huingizwa tanuruni. Kioo hushikamana, kikonyo huungua, na pale kilipokuwa hubaki tundu la kupitishia uzi. Shanga zikisha kupoa husuguliwa juu ya jiwe kwa mchanga na maji mpaka zing'ae. Mabinti wa Kikrobo huvishwa shanga nyingi katika sherehe za dipo, zinazowaingiza katika utu uzima. Wala Waafrika hawakungoja chupa za wageni ndipo wakijue kioo: uchunguzi wa mabaki ya kale ya Ile-Ife, Nijeria, umethibitisha kwamba watu wa huko walitengeneza kioo chao wenyewe karne nyingi kabla ya ukoloni.

Likizo moja tulijenga tanuru dogo la udongo nyuma ya nyumba ya mmoja wetu, tukatia makaa na kuvukuta. Mara ya kwanza hatukuwa na subira. Baada ya saa moja tuliitoa kalibu ili tuone, tukaziweka shanga juu ya sakafu ya saruji. Zilialika moja baada ya nyingine, na hakuna iliyosalimika. Mara ya pili tuliziba mlango wa tanuru kwa udongo, tukaenda kulala. Asubuhi tulizikuta nzima. Kwa furaha ya ushindi huo, mara ya tatu tulichanganya unga wa chupa ya kijani na unga wa kioo cha dirisha ili tupate milia. Zilitoka nzima na za kupendeza, tukawaonyesha majirani. Siku ya pili yake tulizikuta zimepasuka mezani, na hakuna aliyezigusa.

Hapo ndipo tulipolazimika kutafuta sababu. Kioo cha chupa hutokana hasa na mchanga, magadi na chokaa. Kikipata joto la kama nyuzi 800 za sentigredi, chembe za unga wake hulainika na kushikamana. Kinapopoa husinyaa. Kikipoa ghafla, sehemu ya nje hukauka na kusinyaa kabla ya ndani, na mvutano uliobakia humo hukipasua. Kwa hiyo kinapopita katika joto la kama nyuzi 550 na kushuka, hakina budi kupoa polepole. Tena, vioo vya asili mbalimbali havitanuki wala kusinyaa kwa kadiri moja. Ukiviunganisha, kila kimoja huvuta upande wake, na ufa huweza kutokea hata baada ya siku kadhaa. Mambo hayo ya kutanuka na kusinyaa tulikuwa tumeyasoma zamani, tukayajibia mitihani na kufaulu. Lakini hatukuwa tumeyajua mpaka ushanga ulipopasuka mbele ya macho yetu.

Tunasisitiza habari ya kushindwa kwetu kwa sababu ndiyo akiba ya mwalimu. Aliyepasukiwa na ushanga atajua mtoto ataulizia nini, na wapi atakosa subira. Hatamkemea aliyekosea, atamwuliza, "Unadhani ni kwa nini?" Mwalimu ambaye hajajaribu hana swali la kuuliza. Ana kitu cha kuonyesha tu, na kitu hicho kikivunjika naye huishiwa na maneno.

Wapo watakaosema kwamba kazi hii ni ya hatari kwa watoto. Wanasema kweli, nasi hatutaki mtoto wa shule ya msingi atwange chupa wala akaribie tanuru. Vumbi la kioo huumiza macho na mapafu. Mwalimu mwenyewe atakapovunja chupa na aifunge kwanza katika gunia zito, avae miwani ya kazi na kitambaa puani, alowanishe kioo kwa maji kabla ya kukitwanga, na afanye hayo mbali na watoto. Lakini hatari ya sehemu moja ya kazi si sababu ya kumnyima mtoto kazi nzima. Watoto wanaweza kufinyanga kalibu, kuchagua vikonyo, kuandika saa tanuru lilipozibwa na saa lilipofunguliwa, kuhesabu shanga nzima na zilizopasuka, na kuzitunga kwa mpango wa rangi walioubuni. Waletewe na zile zilizopasuka, ziwekwe ndani ya chupa ya kioo iliyofungwa, wazitazame na kutoa sababu.

Wengine watasema kwamba muda hautoshi, na kwamba wazazi wanataka kuona vitu vizuri. Sisi twajibu kwamba mzazi hakumleta mtoto shuleni ili anunuliwe sifa. Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka kazi na masomo viwe kitu kimoja. Kazi aliyoifanya mwalimu usiku na kupewa jina la mtoto si kazi ya mtoto wala si somo.

Kwa hiyo, ndugu wanachuo, likizo ijayo kila mmoja wenu na achague kazi moja. Si lazima iwe ya kioo. Huenda ikawa kusuka ukili, kufinyanga au kuchonga miiko. Ijaribu nyumbani mpaka ikushinde, na uandike katika daftari ilikushinda wapi na kwa nini. Daftari hilo litakufaa darasani kuliko sampuli kumi nzuri. Na siku ya wazazi, weka mezani shanga tano zilizopinda, zilizotungwa na watoto wenyewe. Mgeni atakapomwuliza mtoto namna zilivyotengenezwa, mtoto hatamtazama mwalimu wake. Ataanza kueleza.