Mwekezaji ni Nani?

Linapotajwa neno "mwekezaji", wengi wetu humfikiria mgeni aliyeshuka katika ndege akiwa na mkoba mkononi. Lakini neno hili ni letu, na asili yake ni kuweka. Awekaye leo ili apate kesho, huyo ni mwekezaji. Mzee wa Kilolo apandaye mipaina, akaipalilia, akaikinga na moto, kisha akangoja miaka kumi na zaidi kabla ya kuitia msumeno, amestahili jina hilo kuliko wengi waitwao hivyo. Kwa nini basi yeye tumwite "mkulima mdogo", na jina la heshima tumwekee mgeni?

Huu si ugomvi wa maneno matupu. Mtu asiyejijua kuwa ameweka mali haikadirii mali yake. Siku ya shida huiuza miti ikiwa bado michanga, kwa bei itajwayo na mnunuzi, naye mnunuzi huyo ndiye avunaye miaka iliyosalia. Sisi tuliokua katika miaka ya Azimio la Arusha, kisha tukashika kalamu za Serikali, tunakiri kosa letu: tulipita vijijini tukiwahimiza watu wapande, wala hatukuwafundisha kupiga hesabu.

Wapo wenzetu wasemao kwamba hisa ni kamari ya mabepari, na kwamba Azimio lilikwisha kuipiga marufuku. Tunawaomba walisome tena. Mwaka 1967 Azimio lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni yoyote, ili asije akatumikia mabwana wawili. Nia hiyo ilikuwa njema, nasi hatuoni haya kuitetea. Lakini halikusema kwamba mkulima akijua maana ya hisa ametenda dhambi. Mwaka 1991, huko Zanzibar, viongozi walifunguliwa sharti hilo. Aprili 1998 Soko la Hisa la Dar es Salaam likaanza biashara, na kampuni ya kwanza ilikuwa TOL. Kiongozi alifunguliwa mlango. Mkulima hakuonyeshwa hata mahali ulipo. Dhuluma iko hapo, haimo katika hisa.

Wapo pia wahubirio kwamba anunuaye hisa leo atatajirika kesho. Hao ni hatari zaidi. Mwaka 2009 hisa ya benki ya CRDB iliuzwa kwa umma kwa shilingi 150. Miaka kumi baadaye ilikuwa ikiuzwa chini ya bei hiyo. Na kufikia mwaka 2023 ilikuwa imezidi maradufu yake. Aliyeuza kwa hofu alipata hasara, na aliyengoja alipata faida. Tena hakuna aliyejua mapema kwamba itapanda. Mtu asiuze shamba ili anunue hisa.

Wala tusidhani kwamba kuishi mlimani ni kujitenga na dunia. Kwa miaka mingi chai ya Tanzania ilipigwa mnada Mombasa, na London pia hadi mnada wa huko ulipofungwa mwaka 1998. Mchumaji hakuulizwa bei. Ilipoanguka huko, sare za shule hazikununuliwa huku. Ndiyo maana tunawasifu wakulima wa Rungwe, ambao kupitia chama chao walipata hisa katika kampuni ya Wakulima Tea, iliyosindika majani yao. Hawakuacha jembe, walidai sehemu yao katika kile ambacho jembe limezaa. Na neno "hisa" maana yake ndiyo hiyo: sehemu, fungu la mtu.

Walimu, fundisheni gawio, riba na hasara kwa Kiswahili, na mfano wenu uwe msitu unaoonekana dirishani. Nanyi wanafunzi, mkirudi likizo waulizeni wazazi: miti hii ina thamani gani leo, na itakuwa na thamani gani baada ya miaka mitano? Kisha andikeni majibu. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.