Unamjua Zeus, je, unamjua Wanjiru aliyeuzwa kwa mbuzi?

Ingia kibanda chochote cha gemu mjini Nyeri Jumamosi. Hutakosa kijana aliyeshika padi, macho kodo kwenye skrini, akimwongoza Kratos kuwaangusha miungu wa Ugiriki mmoja baada ya mwingine. Muulize Zeus ni nani, atakujibu bila kukutazama: mkuu wa miungu, mwenye radi. Poseidon? Wa bahari. Medusa? Yule mwenye nyoka kichwani, ukimwangalia unageuka jiwe. Hata viatu alivyovaa, vya mtumba kutoka Karatina, vina jina la Nike, mungu wa kike wa ushindi.

Sasa muulize haya. Mukurwe wa Nyagathanga ni wapi? Irimu alificha nini nyuma ya kichwa chake? Wanjiru aliuzwa kwa bei gani, na nani aliyemuuza? Hapo stori inakatika. Ilhali asubuhi isiyo na mawingu, akifungua tu dirisha, mlima wenye stori hizo unamtazama usoni.

Hatuandiki haya kukugombeza. Zeus ni stori tamu na hakuna ubaya kuijua. Tunaandika kwa sababu kuna watu wanaozijua stori zako kuliko wewe, na wanazitumia kukuendesha.

Tuanze na mlima. Olympus, makao ya miungu wa Wagiriki, haufiki mita 3,000. Wetu, Kirinyaga, una kilele cha Batian chenye mita 5,199. Wazee wa Agikuyu walisema hapo ndipo Ngai hukaa anaposhuka duniani. Ndipo alipompeleka Gikuyu, akamwonyesha nchi yote iliyo chini, kisha akamwelekeza mahali penye mikuyu, Mukurwe wa Nyagathanga, katika kaunti inayoitwa leo Murang'a. Gikuyu akamkuta Mumbi huko. Wakazaa mabinti tisa, na wa kumi juu yao, lakini kwa kuwa kuhesabu watu hadi kumi ulikuwa mwiko, wakaitwa "kenda muiyuru", yaani tisa iliyojaa. Wanjiru, Wambui, Wanjiku, Wangari, Nyambura, Wairimu: soma rejista ya darasa lolote la Nyeri na utawakuta wote wameketi kwenye madawati.

Hapo ndipo wengi wetu huishia. Stori yenyewe haiishii hapo. Jomo Kenyatta aliisimulia katika kitabu chake Facing Mount Kenya, kilichochapishwa London mwaka 1938. Koo zilitokana na mabinti, na wanawake ndio waliotawala. Walitawala kwa mkono mzito mpaka wanaume wakakutana kisiri wakapanga njama: wawatongoze wake zao kwa pamoja ili wote wawe wajawazito wakati mmoja. Miezi ilipopita na wanawake wakalemewa, wanaume wakapindua serikali. Walipotaka kubadilisha hata majina ya koo, wanawake wakakataa katakata, wakatishia kuacha kuzaa. Ndiyo maana mpaka leo koo zile zina majina ya wanawake. Niambie kama Hera na Zeus wana drama kuishinda hiyo!

Sasa jiulize ni lini mara ya mwisho ulisikia jina la Mumbi hadharani. Tunakisia: kwenye mkutano wa siasa. "Nyumba ya Mumbi isigawanyike." "Nyumba ya Mumbi ni moja." Mwanasiasa anachukua jina la mama wa stori, analifanya kamba, anakufunga nalo wewe na jirani yako ili mpige kura upande mmoja. Hakwambii kwamba katika stori hiyo hiyo watoto wa Mumbi walipinduana. Hakwambii kwamba wanawake walisema hapana na wakasikilizwa. Anakupa nusu, na kwa kuwa hujawahi kusikia nusu ya pili, huna la kumjibu.

Hakuna anayeweza kukuombea kura kwa jina la Zeus. Zeus amesimuliwa kwenye mashairi, vitabu, katuni, filamu na gemu mpaka kila mtu anamjua na ubaya wake: mwongo, mzinzi, mwenye hasira. Stori ikijulikana na wote, hakuna mmoja wa kuimiliki. Ikisahaulika, anaibeba wa kwanza kuiokota.

Kwa nini zetu zilisahaulika? Sababu moja tutaitaja wazi, ingawa baadhi yenu hamtapenda. Tuliogopa. Tuliambiwa kwamba kuongea habari za mugumo na marimu ni ushetani, kwamba aliyeokoka hapaswi kuyakumbuka. Tunaheshimu imani ya kila mmoja, na hatumwambii mtu aende kuchinja kondoo chini ya mti. Lakini Wagiriki wa leo, wengi wao Wakristo wa Othodoksi, wanawafundisha watoto wao habari za Zeus na Jumapili wanakwenda kanisani. Waumini wa Othodoksi wako hata hapa Nyeri. Kusimulia si kuabudu. Kama ungekuwa kuabudu, basi vibanda vyote vya gemu vingekuwa mahekalu.

Na kwa kuogopa tulipoteza zaidi ya burudani. Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940, alieleza jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni za mugumo, kwa kuwa ni mti wa Mungu. Karibu na mti huo palikuwa na kijito alichochezea akiwa mtoto. Aliporudi kutoka masomoni Marekani, mti ulikuwa umekatwa na kijito kimekauka. Baadaye alielewa kwamba mizizi ya mugumo, inayoshuka mbali ardhini, ilikuwa inasaidia maji kutokeza juu na kushikilia udongo usiporomoke. Mwiko wa mama ulikuwa umelinda chemchemi. Mtoto huyo akaanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Turudi kwa Wanjiru, maana yeye ndiye aliyetufanya tuandike makala haya. Stori yake iliandikwa na William Scoresby Routledge na mkewe Katherine, Waingereza walioishi upande wa Nyeri mwanzoni mwa karne iliyopita, wakaichapisha mwaka 1910. Mvua ilikosekana miaka mitatu. Mganga akasema haitanyesha mpaka Wanjiru anunuliwe, na kila mtu aje na mbuzi. Siku ikafika. Wanjiru akasimama katikati ya watu, mbuzi wakakabidhiwa jamaa zake, na ardhi ikaanza kummeza. Magoti yakazama. Kiuno kikazama. Matone makubwa yakaanza kuanguka. Wanjiru akalia kwamba watu wake wamempoteza. Kila jamaa aliyetaka kumkimbilia alipewa mbuzi, naye akarudi nyuma. Mvua ikamwagika, Wanjiru akatoweka.

Kulikuwa na kijana mmoja aliyempenda. Akachukua ngao, upanga na mkuki, akaenda akasimama palepale, naye akazama. Akatembea njia ndefu chini ya ardhi hadi akamkuta, nguo zikiwa zimeoza mwilini. Akambeba mgongoni kama mtoto akapanda naye juu. Hakumrudisha kwa jamaa zake. Alimficha nyumbani kwa mama yake mpaka akapata nguvu, kisha akamtoa siku ya ngoma, kila mtu akishuhudia. Jamaa walipomkimbilia wakafukuzwa.

Wagiriki wana Orpheus, aliyeshuka kuzimu kumfuata mkewe Eurydice. Alipewa sharti moja, asigeuke nyuma. Akageuka, akampoteza. Wetu alishuka na akarudi naye. Hatujui kwa nini hakuna gemu ya huyu kijana.

Lakini usimtazame kijana peke yake. Watazame wale jamaa. Stori haisemi kwamba walimchukia Wanjiru. Walimpenda, na walianza kukimbia kumwokoa. Kilichowasimamisha ni mbuzi mmoja mmoja. Hakuna aliyemuuza Wanjiru mzima. Kila mmoja alichukua bei ndogo ya kunyamaza kidogo, na jumla yake ikawa msichana aliyemezwa na ardhi.

Sasa fikiria kampeni za 2027. Fikiria mia mbili inayokunjwa kiganjani, fulana, paketi ya unga, ahadi ya kazi ya kaunti kwa kijana wa familia. Ukiulizwa, utasema mia mbili haiwezi kuuza nchi. Kweli, ya kwako peke yako haiwezi. Hata mbuzi mmoja hakuweza kumuuza Wanjiru. Dunia nzima ikitaka kuonya kuhusu zawadi yenye hila husema farasi wa Troy. Sisi tuna mbuzi wa Wanjiru, na wanatufaa zaidi, kwa sababu farasi aliletwa na adui. Mbuzi hawa walipokelewa na ndugu.

Na Irimu? Yeye huja ngomani akiwa kijana mtanashati, msichana anampenda, mpaka siku anapogundua mdomo wa pili umefichwa kisogoni chini ya nywele. Mdomo wa mbele unaongea asali, wa nyuma unakula. Ukifikiria wale wanaokutumia ujumbe mtandaoni na picha zisizo zao, au wale wanaoahidi kitu Nyeri na kinyume chake Nairobi, hujakosea.

Usidhani pia kwamba mlima ni wa jamii moja. Ukizunguka hadi Meru utasikia jinsi watu walivyotoroka utumwa wa Nguo Ntune kule Mbwaa, Koomenjwe akiyapiga maji kwa fimbo ili wapite. Ukifika Embu utaambiwa habari za Mwenendega. Majina ya vilele vyenyewe, Batian, Nelion na Lenana, yanatokana na malaiboni wa Kimaasai, ingawa aliyeyabandika ni Mwingereza, Halford Mackinder, mwaka 1899. Anayekwambia mlima una mwenyewe mmoja, mwulize habari za Batian.

Ombi letu ni dogo. Likizo ijayo, ukienda ushago, usikae na simu kitandani. Keti na shosho jikoni, washa rekoda ya hiyo simu, umwambie: niambie habari za Irimu, niambie Wanjiru. Labda atacheka, atasema hayo ni mambo ya zamani. Subiri chai ya pili. Ataanza. Usimkatize, usimsahihishe, na toleo lake likitofautiana na letu, shika la kwake. Kisha lisimulie: klipu ya TikTok, katuni, rap, gemu ukiweza, au kwa midomo tu pale base. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o aliwageuza wale mabinti kuwa mashujaa wa utenzi, Kenda Mũiyũru, mwaka 2018, akiwa na umri wa miaka 80. Wewe una miaka mingapi?

Siku ile mgeni wa magari makubwa atakaposhuka hapa akiwa na jina la Mumbi mdomoni na bahasha mkononi, tunataka awakute mnaijua stori nzima. Mmoja wenu, hata kutoka nyuma ya umati, amuulize kwa sauti: mheshimiwa, huyo ni mbuzi wa Wanjiru yupi?