Kwani Lazima Uwe Rais Ndiyo Ukae Kwenye Stempu?

Najua nimepotea. Wiki hizi mbili mhariri amekuwa akinituma mahakamani asubuhi na kwenye vikao vya madiwani mchana, na mtu aliyetoka kukaa saa tano kwenye kikao cha madiwani hana hamu ya kuandika kitu kingine chochote. Ila kuna jambo limenikaa kichwani. Ni dogo, na wengine watasema ni la kipuuzi. Ni habari ya stempu.

Sizungumzii kukusanya stempu kwenye albamu, ingawa huo nao ni ugonjwa wa watu wazima na heshima zao. Nazungumzia stempu unayoibuni mwenyewe. Unachagua picha, ya mtoto wako, ya mbwa, ya maharusi, unaituma kwa intaneti, unalipa, na baada ya siku kadhaa unaletewa karatasi ya stempu 20, zote zina sura uliyoitaka, na zote zinakubalika posta. Wamarekani waliufanya mchezo huu kuanzia mwaka 2004 hadi 2020, kisha posta yao ikaufunga. Namna ulivyofungwa ndiyo iliyonikalisha chini kuandika. Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili anayetaka kubisha aanze: mchezo ule ulikuwa mzuri, haukustahili kufa, na uliuawa na woga.

Kwanza tuelewane stempu ni kitu gani. Tangu ile ya mwanzo kabisa, Penny Black ya Uingereza ya Mei 1840, yenye kichwa cha Malkia Victoria, stempu imekuwa risiti na bango kwa wakati mmoja. Risiti kwamba umelipa, bango la kukukumbusha nani mwenye nchi. Waingereza mpaka leo hawaandiki jina la nchi yao kwenye stempu, kichwa cha mtawala kinatosha. Kwetu zilikuja stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja, na sura za akina George, baadaye Elizabeth. Zanzibar ilikuwa na Sultani wake. Mapinduzi yalipotokea Januari 1964, stempu za Sultani zilizokuwa ghalani hazikutupwa. Ziligongwa maneno "JAMHURI 1964" juu yake zikaendelea kuuzwa. Ukiitazama mojawapo unaona sura ya jana na neno la leo vimesongamana kwenye kikaratasi kidogo kuliko biskuti. Hakuna kitabu nilichosoma Mlimani kilichonieleza mapinduzi kwa ufupi kiasi hicho.

Na tusijifanye watakatifu. Mwaka 1985, Mwalimu akiwa bado Ikulu na Ujamaa ukiwa umeandikwa kwenye Katiba, Tanzania ilitoa stempu za kumuenzi mama yake Malkia Elizabeth, bibi wa Kiingereza aliyekuwa anatimiza miaka 85. Biashara tu, wakusanyaji wa ng'ambo walikuwa na fedha za kigeni nasi hatukuwa nazo. Sawa, simlaumu mtu. Lakini nikiiangalia stempu ile nauliza swali la kitoto: mama wa Malkia anakaa kwenye stempu ya Tanzania, mama yangu hakai, kwa nini?

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Charles Connell. Bwana huyu mwaka 1860 alikuwa mkuu wa posta wa New Brunswick, wakati huo koloni la Uingereza, leo ni sehemu ya Kanada. Akapewa kazi ya kuagiza stempu mpya. Kwenye ile ya senti 5, pale ambapo watu walitarajia kumwona Malkia, akaweka sura yake mwenyewe! Zogo likazuka, stempu zikaondolewa, nyingi zikachomwa moto, naye akajiuzulu. Watu humcheka hadi leo. Mimi namwona kama mtu aliyewatangulia wenzake kwa miaka 144.

Mlango ulifunguliwa rasmi na Posta ya Australia mwaka 1999, kwenye maonyesho ya stempu ya dunia yaliyofanyika Melbourne. Walikuwa wajanja. Stempu yenyewe ilibaki ya serikali, ila pembeni yake kulikuwa na kipande kingine kilichoungana nayo, na hapo ndipo ilipochapwa picha ya mteja. Unapigwa picha palepale, unaondoka na karatasi yako. Mwaka 2000 Kanada wakaja na stempu yenye umbo la fremu, katikati unabandika picha yako ndogo, na Waingereza nao wakaanza na zao walizoziita Smilers. Wamarekani walichelewa, lakini walipoingia waliingia na miguu yote miwili. Agosti 2004 kampuni ya Stamps.com ilianza kwa majaribio kuuza PhotoStamps. Huko picha haikukaa pembeni. Picha ndiyo ilikuwa kitu kikubwa kwenye stempu, na malipo yalithibitishwa na alama ya msimbo iliyochapwa kando yake.

Bei ilikuwa dola 16.99 kwa karatasi ya stempu 20 za senti 37. Piga hesabu: stempu za dola 7.40 unazinunua kwa zaidi ya mara mbili ya thamani yake. Na watu walinunua! Katika majaribio ya wiki chache tu ziliuzwa zaidi ya milioni 2. Mchumi atakuambia huo ni wazimu. Mimi nasema mchumi huyo hajawahi kupokea bahasha ya namna hiyo.

Sisi tuliipokea mwaka 2018. Binamu yangu anayeishi Ohio aliolewa, kadi ikaja kwa S.L.P. ya shule anakofundisha mjomba, maana ukoo mzima tunatumia sanduku lile. Juu ya bahasha kulikuwa na stempu tatu zinazofanana, za senti 50 kila moja, na kwenye zote tatu yumo binamu na mchumba wake wanacheka. Bibi hakuifungua bahasha. Aliigeuza, akaisogeza mwangani.

"Huyu si mtoto wa Anna?"

"Ndiye, Bibi."

"Kwani amekuwa rais wa huko?"

Tulicheka mpaka mjomba akatokwa machozi. Bibi hakucheka. Alichukua mkasi, akakata ile kona yenye stempu, akaiweka kwenye Biblia yake. Kadi yenyewe, yenye maandishi ya dhahabu na utepe, sijui iliishia wapi. Picha za harusi ile zilitumwa WhatsApp zaidi ya mia, hakuna hata moja iliyopewa heshima hiyo.

Hapo ndipo mchezo huu uliponikamata. Sijawahi kununua karatasi ya stempu zangu, ila nabuni. Muda wa chakula, kompyuta ya ofisini ikiwa haina mwenyewe, nachukua picha na kuiminya mpaka ukubwa wa stempu. Ni shule kubwa ya uhariri, nawaambia. Picha ya familia nzima inageuka bakuli la maharage. Macheo ya Coco Beach yanageuka doa la chungwa. Kinachobaki na nguvu ni sura moja, karibu, mwanga ukitoka upande mmoja, nyuma kusiwe na kitu. Tena ukumbuke kuwa muhuri wa posta utagongwa juu yake, na muhuri hauna adabu, unaweza kutua kwenye jicho. Wamarekani wazoefu walijua na mengine. Kadi ya harusi mara nyingi inazidi uzito wa barua ya kawaida, kwa hiyo ukiagiza stempu za bei ya chini unalazimika kubandika ya pili. Na bei ya posta ikipanda, ile iliyochapwa thamani yake haipandi nayo. Wapo waliobaki na karatasi za maharusi kwenye droo, wakiwa wamepungukiwa senti 2.

Sasa huo woga. Majaribio yalipoanza 2004, tovuti ya The Smoking Gun, ambayo kazi yake ilikuwa kuchimbua nyaraka, iliamua kuujaribu uchujaji wa picha. Wakatuma picha ya ujanani ya Ted Kaczynski. Ikapita! Huyu ndiye aliyetuma na kutega mabomu kuanzia 1978 hadi 1995, mengi kwa njia ya posta, akaua watu 3 na kujeruhi 23. Akachapiwa stempu. Wakatuma Slobodan Milosevic, akapita. Wakatuma ile gauni ya bluu ya Monica Lewinsky, nayo ikapita. Kama mwandishi naivulia kofia kazi ile, ni uchunguzi wa bei rahisi uliofanywa kwa akili. Posta ikasimamisha huduma, ikairudisha mwaka 2005 ikiwa na masharti makali zaidi.

Mpaka hapo sina ugomvi. Muuaji asikae kwenye stempu, nakubali. Ugomvi wangu unaanzia mwaka 2015. Msanii Anatol Zukerman aliomba stempu yenye mchoro wake: Uncle Sam akikabwa na nyoka mwenye umbo la alama ya dola, ameandikwa "Citizens United", yaani jina la kesi ya 2010 ambayo Mahakama Kuu ya Marekani iliyaruhusu makampuni kumwaga fedha kwenye uchaguzi. Kampuni ya Zazzle, iliyokuwa imeidhinishwa na posta kuchapa, ikakataa kwa kuwa ni siasa. Zukerman akaenda mahakamani akidai kwamba stempu za wagombea urais zilipitishwa. Kumbe siasa inaruhusiwa, mradi isiume?

Posta ilijibu kwa kukaza kamba. Mwaka 2018 ilianza kutumia kanuni kwamba picha ziwe za biashara au za kijamii tu. Siasa marufuku, dini marufuku. Yaani nembo ya kampuni ya mazulia inapita, kanisa lako halipiti. Tarehe 16 Juni 2020 mpango wote ukafutwa. Mwezi huohuo mahakama ya rufaa mjini Washington iliona kuwa Zukerman alikuwa na hoja ya msingi, kwamba alibaguliwa kwa ajili ya mtazamo wake. Akawa na hoja, ila duka limefungwa.

Rafiki yangu mmoja mwanasheria ananiambia naikuza hadithi, kwamba stempu ni kauli ya dola na dola ina haki ya kuchagua maneno yake. Nilimpeleka dirishani nikamwonyesha barabara. Hapa kwetu mwenye mamilioni yake ananunua namba ya gari yenye jina alitakalo, bati limetolewa na serikali, limeandikwa jina la mtu. Je, kuna anayeamini kuwa serikali imempitisha huyo kuwa mtu mwema? Hakuna. Tunajua kalipia. Dola ikishaweka kitu sokoni, imeacha kuwa msemaji pekee wa kitu hicho. Ichuje matusi, ichuje wauaji, lakini isichuje maoni yanayoikera huku ikibakiza yale yanayoifurahisha. Kama inaogopa kazi ya kuchuja, basi njia ya Australia ilikuwepo tangu 1999: stempu yako, kipande cha pembeni changu. Aliyepokea anaona kabisa wapi dola imeishia na wapi raia ameanzia.

Najua mtaniuliza, nani anaandika barua siku hizi hapa Dar? Wachache sana. Wengi wetu hatuna sanduku la posta, tunaazima la kazini, la parokia, la shule. Zoezi la anwani za makazi la 2022 limetuachia namba milangoni, barua za kuja kwenye namba hizo bado ni za kusubiri. Hata kadi ya mchango wa harusi inaingia kwa simu, tena na ahadi unatakiwa utume papo hapo. Lakini msiniambie hatupendi sura zetu kwenye vitu. Tunavaa fulana zenye picha ya marehemu siku ya maziko. Tunachapa maharusi kwenye keki, kwenye kalenda, kwenye chupa za maji. Yule anayechapa vikombe Kariakoo hana nafasi ya kupumua Desemba. Tofauti ni kwamba kikombe ni chako wewe, na stempu lazima nchi iikubali ndipo bahasha isogee. Bibi aliliona hilo kabla yangu.

Mimi picha nimeshaichagua. Ni mama yangu yuko kwenye cherehani, barazani Mbagala, miwani imeshuka puani, ana pini tatu mdomoni. Nimeijaribu kwa ukubwa wa stempu. Pini hazionekani, cherehani inaonekana vizuri. Kuna ndoo ya jirani upande wa kushoto, hiyo nitaikata.