Onyesho la Piano Si Mtihani

Nikipewa karatasi ya ratiba mlangoni, huwa nakijua nitakachosikia kabla sijakaa: Bach, Beethoven, Chopin, halafu kitu cha karne ya 20 ili nasi tuonekane wa kisasa. Watunzi wamepangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, kama wagonjwa kwenye foleni ya zahanati, na hakuna anayemsemesha mwenzake.

Maradhi haya nayajua kwa sababu niliyaugua. Wengi wetu hapa Nairobi tulijifunza piano kwa mitihani ya Uingereza: kipande kimoja kutoka orodha A, kimoja B, kimoja C. Orodha hizo zina kazi yake, maana mtahini anataka kuona vidole vikimudu mambo tofauti. Nikabeba mpangilio huohuo hadi kwenye onyesho langu la kwanza. Mama alipiga makofi kila nilipoinua mikono. Tukiwa njiani kurudi nyumbani akaniuliza, "Sasa mwanangu, ulikuwa unatuambia nini?" Sikuwa na jibu.

Vipande vya onyesho vichaguliwe kwa namna vinavyojibizana. Chukua sonata ya Beethoven ya 1801, ile maarufu kama "Mbalamwezi". Ifuatishe na Fantaisie-Impromptu ya Chopin, aliyoitunga 1834 na ikachapishwa 1855 akiwa ameshafariki. Ufunguo ni mmoja, na ile dhoruba ya sehemu ya mwisho ya Beethoven inarudi kwa Chopin kama kicheko cha babu kinywani mwa mjukuu. Sikio linautambua ukoo huo bila kuelezwa.

Au thubutu zaidi: mdogo atangulie. Sonata ya Alban Berg, iliyochapishwa 1910, ina sehemu moja tu, na inazimika kwa upole. Usiinuke, usingoje makofi. Anza sonata ya Liszt, iliyokamilika 1853, nayo ya sehemu moja, ya ufunguo uleule, inayoingia kwa noti chache zilizofifia. Ghafla Liszt hana tena uzee wa makumbusho. Mikwaruzo ambayo ungeipuuza kama mapambo, sasa unaisikia kama tishio, kwa sababu Berg ameshakuonyesha inakoelekea.

Wataniambia hadhira yetu haijafika huko, wapewe tu wanavyovijua. Hiyo ni dharau. Watu waliorithi malumbano ya washairi, beti za huyu zikijibiwa na beti za yule kwa vina na mizani ileile, watashindwaje kumsikia Chopin akimjibu Beethoven?

Kwa hiyo kabla ya kuongeza kipande, jiulize kinakijibu nini kilichotangulia. Kama hakijibu kitu, kiache, hata kama vidole vyako vinakipenda. Mimi nimeondoa kwenye ratiba ya mwezi ujao kipande nilichokifanyia mazoezi miezi minane. Kinanipamba vizuri sana. Ila hakina la kuwaambia majirani zake.