Unene Haukati

Imeota mizizi miongoni mwa vijana wapenda milima na mapori imani kwamba kisu cha nyikani lazima kiwe kikubwa, kinene na kizito, tena ikiwezekana kiwe na meno ya msumeno mgongoni. Imani hii ni potofu. Inawatoa watu fedha nyingi kwa chuma kisichoweza kuchonga hata kijiti cha mishikaki.

Chanzo chake kikubwa ni sinema. Mwaka 1982 filamu ya First Blood ilimwonyesha Sylvester Stallone msituni na kisu kirefu kilichofuliwa na Jimmy Lile, fundi wa Arkansas, Marekani. Mpini wake ulikuwa na uwazi, na humo ndimo ulimotoka uzi na sindano aliyojishonea jeraha la mkono. Tangu hapo visu vya kuiga vimejaa sokoni. Lile alikuwa bingwa wa kazi yake. Waigaji wake wengi wanauza sura tu. Mpini ukiwa mtupu, msuka, yaani mkia wa bapa uingiao mpinini, hauna pa kupita, hivyo bapa hushikiliwa na skrubu na gundi. Kigonge kisu cha namna hiyo kwenye mgunga mkavu, utabaki na mpini mkononi.

Wengine watasema basi tununue KA-BAR, kisu kilichoidhinishwa mwaka 1942 kwa kikosi cha Marines cha Marekani. Ni kisu imara, sikibezi. Lakini bapa lake lina urefu wa sentimita 18 hivi na mgongo wa milimita 4, na kilibuniwa kwa ajili ya askari vitani. Kiweke kando ya Companion, kisu cha bei nafuu kinachotengenezwa Mora, Uswidi: bapa la sentimita 10 hivi, mgongo wa milimita 2.5, mpini wa plastiki na mpira.

Sasa chukua kijiti kikavu chenye unene wa kidole gumba, kisimamishe juu ya gogo, uanze kukichonga kuelekea chini. Makali ya Companion yana mteremko mmoja tu hadi ukingoni, kwa hiyo yanalala juu ya mti na kuingia taratibu. Unyoleo mwembamba unajikunja mbele ya makali bila kukatika. Ukirudia, kijiti kinaota manyoya yanayoshika moto upesi hata siku ya manyunyu. Kwa kisu chenye mgongo wa milimita 5, mabega ya bapa yanausukuma mti kabla makali hayajafanya kazi. Vinatoka vibanzi vifupi, vinene, na mkono unachoka. Mkono uliochoka ndio unaojikata.

Asiyeniamini aende machinjioni akatazame visu vya wachunaji. Ni vyembamba, vimeliwa na kinoo miaka na miaka, na hakuna anayetamani kinene.

Hoja moja ya upande wa pili ina uzito. Katika misitu ya Kanada au Skandinavia wakati wa theluji, kuni hulowa nje na kubaki kavu ndani, na mtu asiye na shoka hulazimika kuzipasua kwa kugonga mgongo wa kisu. Hapo unene na msuka unaofika mwisho wa mpini vinaokoa. Msuka wa Companion haufiki huko, na anayekigeuza mtaimbo atakivunja. Lakini huku kwetu panga liko kila duka la vifaa vya ujenzi. Kupasua na kufyeka ni kazi yake, na huhitaji kukifanya kisu cha kiunoni kilibebee mzigo huo.

Mkazi wa pwani aongeze sharti moja: achague chuma kisichoshika kutu. Chuma cha kaboni hunoleka vizuri, lakini hewa ya chumvi hukitia madoa usiku mmoja tu kikisahauliwa bila mafuta.

Kabla hujalipa, ndugu msomaji, pima mgongo wa kisu. Ukifika milimita 5, kirudishe mezani. Fedha itakayobaki nunua panga zuri na jiwe la kunolea, kisha mtafute mtu anayejua kunoa akufundishe.