BEI SI DHAMBI, DHAMBI NI KUFICHA KILOMITA

Ndugu yangu katika imani, unalalamika: "Gari limetembea kilomita 200,000, mbona bado ghali?" Sababu zipo. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, ushuru ni mzito, na Toyota iliyotunzwa bado ina safari ndefu. Bei zilipopanda Madina, Mtume (s.a.w.) aliombwa azipange, akakataa. Lakini alipotia mkono kwenye rundo la nafaka sokoni akakuta ndani imelowa, alimkana mwenye kughushi.

Basi wewe unayerudisha mita nyuma ukisema "biashara ni ujanja", huo ndio unyevu wa rundo lako! Pesa ya ziada utakayopata ni haramu, na wanao ndio watakaoila. Taja kilomita za kweli, kisha uza kwa bei mtakayoridhiana.

Wallahu a'lam.