Msiba mmoja, vilio viwili

Haya wapenzi, wiki hii dansi tuliweke pembeni, tuingie kwenye msiba wa Kirusi. Tchaikovsky aliongoza mwenyewe simfoni yake ya 6 kule St Petersburg mwaka 1893, na siku 9 baadaye akafa. Ndiyo maana wengi huisikiliza kama wosia.

Sehemu ya 3 ni shangwe tupu, tarumbeta na ngoma, mpaka ukumbini watu hupiga makofi wakidhani imekwisha. Wapi! Inakuja ya 4, polepole, kilio kinachofifia kama koroboi iliyoishiwa mafuta.

Ubishi uko hapo. Leonard Bernstein na New York Philharmonic, 1986, kilio hicho anakivuta zaidi ya dakika 17. Yevgeny Mravinsky na okestra yake ya Leningrad, 1960, anakimaliza kwa kama dakika 10. Noti zilezile!

Bernstein ni yule anayejigaragaza msibani kila mtu amwone. Utamu upo, sikatai, ila ukifika mwisho unamtazama anayelia, marehemu umeshamsahau. Mravinsky ni mzee aliyekaa mkekani, kimya, taya kazikaza. Halafu ghafla fidla zinapasuka, na wewe koo linakukaba.

Kura yangu kwa Mravinsky. Uchungu uliozuiwa ndio unaokata maini. Anayebisha atafute rekodi zote mbili, azisikilize usiku taa imezimwa, halafu tuonane wiki ijayo.